Toroli Haliendi

Mjomba,

Tah. Hivyo tu. Mlio mmoja mkavu, kama fimbo nyembamba inayovunjwa gotini, halafu kimya. Nimeubeba mlio huo tangu nina miaka tisa. Miezi hii miwili tangu uondoke umekuwa ukinijia ovyo: nikiwa nafua, nikiwa nimesimama kwenye foleni, mara moja katikati ya swala, nikalazimika kuanza upya.

Unaujua. Ni wa Pweza.

Ilikuwa likizo na Mama alikuwa amenileta kwako Hale. Ulinichukua kazini, kwenye kile kiwanda cha kuchakata mkonge ambacho watu wote walikiita korona, miaka mingi kabla ugonjwa haujaja na jina hilo. (Chuoni niliposema mjomba wangu ametumikia korona miaka kumi na minane, wenzangu walidhani wewe ni daktari.) Ukanipeleka chumba cha nyuma, ukafungua mlango wa wavu wa chuma, ukasema, "Tazama, usiguse, usiulize bado." Ndani alikaa Pweza: tungi la kioo lililonizidi kimo, mikono sita imechomoza ubavuni, dimbwi la zebaki limetulia chini, na juu ya zebaki mwanga wa buluu unarukaruka kama kitu kinachotafuta pa kutokea. Kazi yake ilikuwa kuupokea umeme wa kwenda na kurudi na kuutoa ukiwa umenyooka, kwa ajili ya mota ya zamani iliyovuta mkanda wa majani ya mkonge. Jina alipewa na wafanyakazi wa Handeni, watu wa bara, ambao pweza mwenyewe walimjua kwa kusimuliwa.

Siku ile waliujaza mkanda kupita kiasi. Mwanga wa buluu ukatetemeka, ukasinyaa, kisha: tah. Giza ndani ya kioo. Mkanda ukasimama, na kutoka uwanja wa kuanikia singa za mkonge nikasikia wanawake wakipaza sauti kwa kicheko, "Rajabu! Pweza wako kafa tena, njoo umzike!" Mimi nikalia. Nilidhani amekufa kwa sababu nimemtazama. Uliniwekea kiganja kichwani, kiganja chenye harufu ya vanishi, ukasema, "Hajafa huyu. Amekosa pumzi tu. Tumpe muda."

Nilikuamini. Na kweli, baada ya muda aliwaka.

Labda ndiyo maana Hamza aliponipigia simu kusema umeanguka karakana na umekata roho, neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, "Mpeni muda." Mwanao alidhani sikumsikia. Akarudia polepole, kama anavyosema na abiria mgeni wa pikipiki yake: "Dada, Baba amefariki."

Nakuandikia kwa sababu uliniuliza swali nami sikulijibu. Swali hilo limekwenda likagusa makala yangu, na kupitia makala likaigusa safari yangu, na watu wote walio hai wanaonipenda wamenishauri nilinyamazie. Umebaki wewe. Nataka ujue lilivyokwenda, tangu mwanzo, hata yale unayoyajua. Kuyaandika ndiyo njia pekee niliyobaki nayo ya kukaa na wewe kwenye benchi.

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, Dar es Salaam, nilikuwa nasoma kitini kuhusu plazma, ile gesi iliyopashwa moto mpaka atomi zake zikavuliwa elektroni, ikawa inapitisha umeme na kuwaka kama radi. Kwenye ukurasa mmoja kulikuwa na maneno machache juu ya matungi ya zebaki ya zamani. Wahandisi waliona mkondo mkubwa ukipita, na ghafla ukikatika wenyewe, hakuna aliyegusa swichi. Ukidai mkondo mwingi kuliko mvuke wa zebaki unavyoweza kuubeba, ndani ya mvuke huo hujijenga ukuta mwembamba sana. Uso mmoja una chaji chanya, uso wa pili una chaji hasi, zinatazamana kwa karibu, na kati yao volti zote zinaporomoka kwa mkupuo. Mkondo unakatika.

Nilitoka maktaba nikaacha mkoba mezani. Nilikupigia nikiwa kwenye ngazi. Nikasema, Mjomba, nimejua Pweza alikuwa anaumwa nini. Ulinisikiliza mpaka mwisho, hukunikatiza hata mara moja, na mwisho ukasema, "Kumbe ugonjwa wake una jina. Na tulivyokuwa tunamtukana!"

Jina hilo kwa Kiswahili sikulikuta kwenye kamusi niliyokuwa nayo, nikalitunga: tabaka pacha. Ulilikataa palepale. "Pacha hufanana. Hawa mmoja chanya, mmoja hasi, wanatazamana, wanavutana, na kazi imesimama. Hao ni mke na mume, mwanangu." Mkeo alikuwa karibu na simu. Nilimsikia Mama Hamza akisema, "Mwulize na sisi tuna volti ngapi."

Jina nililibakiza. Ulikuwa unalitamka kwa dhihaka kila tulipoonana, "wale pacha wako," na mimi nilikuwa nafurahi.

Ndivyo nilivyoichagua kazi yangu ya shahada ya uzamili. Tabaka lilelile lililomnyima Pweza pumzi, kuna watu wanaolitafuta kwa hamu ili lisaidie kuendesha vyombo vya angani. Nilikueleza kwenye karakana yako ya Manundu, Korogwe, ulikohamia kusuka mota zilizoungua kwa waya mpya baada ya korona kufungwa. Chukua neli ya kioo, nilisema. Ingiza gesi kidogo, ipashe kwa mawimbi ya redio mpaka iwe plazma. Izungushie koili za sumaku (uliguna kwa raha uliposikia koili) ili sumaku ibane katikati na ichanue mdomoni kama tarumbeta. Pale inapochanua, plazma ikianza kutawanyika, tabaka pacha hujisimamisha lenyewe. Hakuna wavu wa chuma wala waya. Ayoni, zile atomi zilizovuliwa elektroni, zikifika hapo zinaporomoka kama maji ya Pangani ndani ya bomba la mitambo ya umeme ya Hale, zinatokea nyuma ya chombo kwa kilomita nyingi katika sekunde moja, na elektroni zinazifuata, kwa hiyo chombo hakibaki na chaji. Msukumo wenyewe ni mdogo, kama uzito wa karatasi kiganjani. Lakini kule hakuna upepo wa kukupinga, na karatasi ikikusukuma mwaka mzima bila kupumzika utafika mbali.

Wewe ulipenda jambo moja kuliko yote: kwamba hakuna kipuri kinachokaa katikati ya njia ya ayoni kikaliwa nazo. "Mashine isiyokula brashi," ulisema, ukatikisa kichwa. Mtu aliyebadilisha brashi za kaboni maisha yake yote.

Nilikuwa na furaha siku zile kiasi kwamba nilipaswa kuogopa. Hesabu zangu za kompyuta zilionyesha kwamba tabaka lenyewe linaongeza msukumo juu ya ule unaotokana na shinikizo la gesi. Nyongeza nzuri, isiyotarajiwa. Msimamizi wangu alifurahi. Tukaandika makala, jarida likaikubali, ikawa inasubiri zamu ya kuchapishwa. Na kwa nguvu ya makala hiyo maabara moja ya ng'ambo, yenye chumba halisi cha ombwe na mtambo halisi ninaoweza kuugusa, ikanipa nafasi ya kusomea uzamivu. Mama akanunua sweta mbili za mtumba kabla barua haijapoa.

Sikukuu ya Idi tulikuwa wote Kwamsisi, kijijini kwenu. Mama, ambaye mpaka uzeeni ulimwita lumbu wako, kama Wazigua mnavyoitana kaka na dada, alinitaka niwaeleze wageni ninakwenda kusomea nini. Nikaweka vijiko viwili kwenye mkeka, kimoja kikiutazama kingine. Nikasema, tabaka hizi mbili zinavutana, na kuvutana kwao ndiko kunakosukuma chombo.

Ulikuwa umeshika tonge. Ulilisimamisha njiani.

"Zinavutana?"

Ndiyo, Mjomba.

"Zenyewe kwa zenyewe?"

Ndiyo.

"Sasa chombo kinasukumwa na nani? Watu wawili wakivutana juu ya toroli, toroli linakwenda?"

Hamza akadakia, "Baba, mwache mwenzio yuko angani. Wewe suka mota." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikasema, mbele ya wageni, mbele ya mkeo, kwa sauti ya msomi ambayo mpaka leo sijui niliitoa wapi: "Mjomba, hili si la korona."

Hukukasirika. Ungekasirika ningekuwa na mahali pa kushika. Ulitabasamu, ukamaliza tonge lako, ukasema, "Haya, mwanangu, nyie ndio mliosoma," ukainuka kwenda kunawa. Nilikutazama mgongo. Kanzu yako ilikuwa imekunjamana pale ulipokalia. Nikarudi kwenye vijiko vyangu.

Siku tisa baadaye, kutoka kwenye kile kitochi chako ambacho hukujua kukitoa kwenye herufi kubwa, ulinitumia ujumbe. MPWA NIMEFIKIRI TENA. NIMEPIMA. TOROLI HALIENDI. MJOMBA WAKO.

Niliusoma nikiwa kwenye korido ya idara. Nilitabasamu. Nikasema moyoni, mwisho wa wiki nitampigia nimweleze vizuri, taratibu, kwa mfano rahisi. Mwisho wa wiki nilikuwa nasahihisha michoro ya makala. Siku saba baada ya ujumbe wako Hamza alinipigia.

Nilifika Kwamsisi wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini, wamekunja suruali, udongo mwekundu kwenye viatu. Sisi wanawake hatuendi maziko, kwa hiyo hata ningewahi nisingekuona ukishushwa. Lakini ningeuona uso wako ndani ya nyumba. Nilikuta mkeka, na vikombe, na Mama ameegemea ukuta akiita "lumbu, lumbu" kama mtu anayeita mlangoni na hajibiwi. Nikakaa. Watu wakanipa pole. Nikajibu vizuri sana. Nilijibu kila mtu vizuri sana.

Nikuambie yaliyobadilika. Mama Hamza amerudi kukaa Kwamsisi, anasema Korogwe ina kelele, lakini najua ni kwa sababu kaburi liko kule. Karakana, Hamza anaifungua asubuhi mbili kwa wiki ili watu wachukue mota zao ambazo hazijasukwa. Hajui kusuka na wala hajidai. Mama mmoja wa Kwashemshi, mwenye mashine ya kusaga, amekataa kuichukua ya kwake. Alimwambia Hamza, "Si kulikuwa na binti hapa akimhesabia mzee mizunguko? Basi nitamngoja huyo."

Binti huyo ni mimi. Unakumbuka ulivyokuwa unanifanyia? Nahesabu mizunguko ya waya kwa sauti, hamsini na tatu, hamsini na nne, na wewe unaniuliza ghafla umri wa Mama, ama sasa ni saa ngapi, ili nipotee. Nikipotea unaifumua koili yote bila kunung'unika. "Fundi ni yule anayekubali kufumua," ulikuwa unasema. Nilidhani ni maneno ya kunifariji.

Mota ya mama wa Kwashemshi nimeisuka. Imenichukua siku tatu. Inafanya kazi lakini inapata joto kuliko inavyopaswa, na nimemwambia hivyo.

Siku ya arobaini yako, baada ya dua, Hamza alikuja kukaa karibu nami. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa unakaribia kucheka. "Dada, unajua mzee alitufanya wajinga? Baada ya Idi. Mimi na fundi cherehani wa jirani."

Akanisimulia. Ulilichukua lile toroli la magurudumu manne la kubebea mota kubwa, ukalitia mafuta, ukalifagilia sakafu mpaka ikang'aa. Ukawakalisha juu yake wote wawili, uso kwa uso, miguu imekunjwa isiguse chini. Ukasema, vutaneni. Wakavutana. Ukasema, "Vuta kweli, wewe umekula nini leo?" Toroli likayumba mbele, likayumba nyuma, likabaki palepale. Shati la fundi cherehani likachanika kwapani, akasema, "Mzee Rajabu, hii sayansi nitaishona kwa uzi wa nani?" Ukawaambia wapumzike. Halafu ukamwambia Hamza, "Sasa nyoosha mguu, sukuma ukuta." Hamza akausukuma ukuta kwa unyayo. Toroli likaondoka nao mpaka nje ya mlango, likamgonga mbuzi wa watu.

"Hakucheka hata," Hamza alisema. "Sisi tumelala chini tumekufa kwa kicheko, yeye kashatoa simu, anaandika. Aliandika nusu saa, maneno machache tu."

Hamza alicheka mpaka akalia. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama kando ya jiko, nikashika ukuta kwa mkono. Nilikuwa nimeshaanza kuona. Sikuwa na kalamu, wala sikuihitaji.

Kesho yake asubuhi niliandika. Mjomba, ilichukua mistari mitatu. Miaka miwili ya kazi, mistari mitatu. Unachukua nguvu ya umeme inayoigusa kila chaji ndani ya tabaka, upande huu na upande ule, unazijumlisha zote kutoka uso wa kwanza hadi uso wa pili. Jumla ni sifuri. Sifuri kamili. Linavuta huku kwa kadiri linavyovutwa kule.

Nikajiuliza, basi nyongeza yangu ilitoka wapi? Ayoni zinapata mwendo, hilo halina ubishi, watu wamelipima. Lakini mwendo huo zinaupata kutoka kwa elektroni zenye joto, ambazo shinikizo lake linakandamiza ukuta wa nyuma wa neli na kuisukuma sumaku. Shinikizo hilo nilikwisha kulihesabu ukurasa wa mwanzo. Kisha nikalihesabu tena, likiwa limevaa nguo ya tabaka. Kitu kimoja mara mbili. Tabaka lipo, ayoni zinaporomoka, na chombo kinakwenda, ila tabaka halikisukumi. Linapokeza tu. Kinachosukumwa ni ukuta, kama unyayo wa Hamza.

Nilikuja kutafuta zaidi na nikakuta kwamba wengine walikwisha kuliona jambo hili kabla yangu, kwa lugha ya kitaalamu, mahali ambapo sikusoma kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusoma yale yanayonikubalia.

Nimefikiria sana jinsi lilivyonipita. Makala yangu iko kwa Kiingereza. Kule niliandika kwamba tabaka linasukuma, sentensi ikapita kimya kimya, msimamizi akaipitisha, wasomaji wa jarida wakaipitisha. Siku ya Idi, kwenye mkeka, nililazimika kusema kwa Kiswahili zinavutana. Sikulichagua neno. Lugha ndiyo iliyoniwekea ile "na" mwishoni, na ukishaiweka hiyo umeshakiri kwamba kila mmoja anamvuta mwenzake na nje yao hakuna aliyeguswa. Wewe uliishika hiyo "na" kama unavyoshika waya uliolegea, kwa vidole viwili. Mimi niliyeitamka sikuisikia.

Na hiki ndicho kinachoniamsha. Si kosa. Makosa ninayajua, nimeyazoea. Ni kwamba jibu lilikaa kwenye simu yangu siku saba nawe ungali hai. Ningeweza kukuambia, Mjomba, umesema kweli. Maneno matatu tu. Ungeyasikia. Ungemwita Mama Hamza aje ayasikie. Ungetembea Manundu nzima na maneno hayo.

Nilimpelekea msimamizi wangu mistari mitatu. Ni mtu mwema na sitaki umwone vibaya. Aliitazama muda mrefu, akaivua miwani, akasema, "Ni kweli." Halafu akasema, "Lakini tusikurupuke. Kila kazi ina kosa. Nafasi umeshapata. Nenda kwanza, ukifika huko utaandika nyingine ya kuisahihisha, na hapo itaonekana ni ukuaji." Alisema hivyo kwa upole. Kwa siku kadhaa neno hilo, ukuaji, lilinistarehesha.

Mama nilimweleza akiwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Kwani wamegundua?"

Bado.

"Sasa nani anakukimbiza?"

Nikasema hakuna. Akaendelea kuchambua, kisha akasukuma ungo pembeni. "Kaka yangu nimemzika. Na wewe nikuzike hapa Korogwe ukiwa hai?"

Na mimi nilitaka kwenda. Usidhani nilikuwa mtakatifu. Ninautaka ule mtambo, Mjomba. Nimeuona kwenye picha mara nyingi mpaka najua ni boliti gani imetiwa rangi tofauti na nyingine. Nataka kuliona tabaka kwa macho yangu, buluu ile, limesimama peke yake kwenye mdomo wa neli, na mimi upande wa pili wa kioo. Hapa kwetu siwezi kuliona. Naweza tu kulihesabu.

Kulikuwa na jambo lingine lililonizuia, nalo ni gumu zaidi kuliandika. Sikuwa na uhakika nataka kuiondoa makala kwa sababu ni kosa, ama kwa sababu nilikucheka. Hayo ni mambo mawili. Mtu anayemwomba msamaha marehemu anaweza kuchoma nyumba nzima ili moshi umfikie. Nikajipa muda. Kila asubuhi nilikaa na mistari ile mitatu nikajaribu kuisoma kana kwamba imeandikwa na mtu nisiyemjua, kuhusu kazi ya mtu nisiyemjua, na hakuna Idi, wala toroli, wala wewe. Siku za mwanzo sikuweza. Niliona kanzu yako tu. Baada ya wiki mbili hivi, asubuhi moja, niliweza. Nilisoma hadi mwisho kwa moyo mtulivu. Kosa lilikuwa bado lipo.

Nilikwenda Kwamsisi kuzuru kaburi lako. Mama Hamza alinisindikiza, akasimama mbali kidogo akajifanya anafunga kanga. Majani yameanza kuota upande wa miguu. Nilisoma Fatiha, nikataka kusema mengine, nikashindwa. Nina aibu ya kusema na udongo. Ndiyo maana ninaandika.

Basi nikuage hapa. Pumzika, Mjomba, uliyenifundisha kutazama kabla ya kugusa. Mungu akupanulie ulipolala, akuwashie nuru isiyokatika. Nakuahidi kwamba mtu akiniuliza swali, awe nani, aulize kwa maneno gani, nitanyamaza kwanza. Nakuahidi Mama Hamza hatakaa Idi peke yake. Na mstari ule wa shukrani mwanzoni mwa tasnifu, ambao wengine huwaandikia wakubwa wa idara, nimeshajua utakuwa na jina la nani.

Sasa nikuambie nilichokifanya, maana kimeshafanyika na wala sikuombi ushauri.

Jumanne asubuhi niliwaandikia wenye jarida waiondoe makala. Msimamizi wangu alitia sahihi kwa shingo upande, kisha akanipa mkono, akaushikilia. Siku hiyohiyo niliiandikia maabara. Niliwaonyesha kosa liko wapi, nikawaeleza kwamba aliyeliona kwanza ni Rajabu, fundi wa kusuka mota, Korogwe, na kwamba amefariki. Jibu lilikuja Ijumaa. Wamenishukuru kwa maneno mazuri, na nafasi niliyopewa kwa ajili ya kazi ile wameifuta. Naruhusiwa kuomba upya pamoja na wengine wote. Mama ameisoma barua hiyo mara mbili, akaikunja, akaiweka kati ya zile sweta mbili.

Jana nimeomba upya. Kwenye nafasi ya makala nilizochapisha nimeandika: hakuna.

Mpwa wako,
Mwajuma